Meno ya Pembe ya Baruti

Chekeni tu, ila mjue bado nina hasira, na nikisikia neno Sengerema uso unaniwaka moto hadi leo. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu cha zamani kinatiwa nakshi kiuzwe kwa Wazungu, nami nilikuwa fundi wa pembe pale Nyegezi, nimeposa huko Sengerema, ng'ambo ya kivuko (nilimpenda Kabula kijinga kabisa), na baba yake, mwindaji wa gobore, akanipa pembe yake ya kubebea baruti akisema, "Isugue tu ing'ae, basi."

Isugue tu! Kwa nini sikusikia? Nikataka auone mkono wangu, nikachonga meno kuzunguka mdomo wa pembe, mazuri kama viwimbi vya ziwa asubuhi, ila moja likawa fupi, nikapunguza la kando yake lilingane, na linalofuata, hadi yote yakawa mafupi mno, hayakishiki tena kifuniko cha mti, pakabaki mianya ambayo (mpumbavu mimi!) niliiziba kwa nta.

Siku ya kupeleka mahari mzee akaivaa pembe begani, tayari kupiga gobore la kutukaribisha. Jua likawaka, nta ikalainika, na alipoiinamisha kumwonyesha mkewe nakshi za mkwe wao, kwa fahari jamani, kifuniko kikachomoka, baruti yote ikamwagikia kitenge kipya cha mama mkwe, mtu ambaye kwa desturi yetu sikutakiwa hata kumsogelea. Nami, badala ya kuganda kama mkwe mwenye akili, nikaruka nikaanza kumpangusa mapajani!

Shangazi yake Kabula akapiga yowe. "Jamani! Huyu kaja kuoa binti au mama?"

Mama mkwe akakimbilia ndani kajifunika uso. Mzee akaitikisa pembe tupu.

"Fundi, nilikwambia ufanye nini?"

"Niisugue, baba."

"Na mke wangu, nilikwambia umsugue?"

Ng'ombe wangu wakageuzwa palepale, nikawaswaga hadi kivukoni watu wakinizomea. Kabula naye alikuwa akicheka na wenzake, na hicho ndicho kinachonichoma mpaka kesho.

Nilioa kwingine, mke mwema. Lakini mama yake namwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, "Shikamoo mama!", mikono yangu hii mishenzi nimeifunga nyuma.