Kisigino cha Kulia

Mwalimu wa fasihi huniletea viatu vilevile kila baada ya miezi michache: soli kama zimetoka dukani leo, ila kisigino cha kulia kimechubuka kwa nyuma. Mimi ni fundi viatu, sidanganyiki. Huko ni kukanyaga pedali ya mafuta ya gari. Akisubiri, hukaa kwenye kigoda changu, mguu wa soksi juu ya boksi, akinisimulia vitabu na filamu za watu waliovuka jangwa kwa miguu. Akifika penye vumbi hufumba macho, utadhani kalimeza yeye. "Anayetembea ndiye anayeishi, fundi," husema, kidole juu. Jana alimkuta muuguzi wa zahanati akichukua viatu vyake, nilivyovitia soli mara ya tatu mwaka huu. "Dada, safari ya miguu huijenga nafsi," akamwambia. "Njiani huwa unawaza nini?"

"Kufika," dada akajibu, akavaa, akashika njia.

Mwalimu akatabasamu kwa huruma, akavaa kiatu chake. Hatua sita hadi garini, nilizihesabu. Hata gari halijafika konani, nikasikia honi: anampigia yule dada ampishe.