Mgongo wa Redempta

Redempta alizaliwa na uvimbe mgongoni na miguu isiyomtii. Kule Soga, kwa wazazi wa baba yake, jibu lilikuwa moja tu: mama yake, Consolata, alijitakia. Mimba ikiwa ya miezi saba alikwenda Kisarawe kumzika mama yake mzazi, na mwenye mimba hasogelei kaburi. Mama mkwe alimkataza, yeye akaenda. Mumewe, Telesphory, akamrudisha kwao pamoja na mtoto, akaoa mwingine kabla mshono wa upasuaji wa mtoto haujakauka.

Mdomoni Consolata alibisha. Moyoni aliamini. Na siku Redempta, akiwa bado mdogo, alipomuuliza, “Mama, kwa nini ulikwenda?” alimwambia alale.

Sasa Redempta ana mchumba. Yeye na mama yake wakaenda kliniki Kibaha kuuliza kama naye atazaa mtoto wa hivyo. Muuguzi Elinipa alimwamkia Consolata, akavuta kiti.

“Seli changa za neva mwanzoni zinafanana zote,” alisema. “Zinajipanga kwenye mfereji mdogo mgongoni mwa mtoto, na kila moja inapata maelekezo kulingana na mahali ilipo. Za upande wa tumbo zinazaa neva za kusogeza miguu. Za upande wa mgongo, neva za kupokea habari za moto na maumivu. Mfereji usipojifunga, panavimba, na neva za pale zinaharibika.”

“Unajifunga mwezi wa ngapi?” Consolata alidakia.

“Wa kwanza, mama. Wengi hata hawajajua kama wana mimba.”

“Siyo wa saba.”

“Wa saba? Hapo ungepanda hata mnazi, mgongo ulishakuwa hivyo.”

Redempta akacheka. Consolata hakucheka.

“Rudia. Huyu asikie.”

“Nimesikia, mama,” Redempta alisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Elinipa akampa Redempta vidonge vya foliki, vya kusaidia mfereji wa mtoto ujifunge, aanze kuvimeza kabla ya kubeba mimba.

Nje walikaa kwa mama lishe. Redempta akaegemeza magongo yake mezani.

“Miaka yote hiyo, mbona hukuuliza?”

“Nimuulize nani, na kila mtu alishajibu?”

“Bibi wa Soga nitamwambia mimi.”

“Mwambie. Asipoelewa, usirudie. Mwache na neno hilo, na yeye limkae moyoni.”

Akavua kandambili chini ya meza, akaagiza wali maharage, sahani mbili. Alipomaliza, akaivuta sahani ya binti yake, akala na ule uliobaki.