Puli za Mninga

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu kutoka Kasokola: jiko la zamani linabomolewa, kama kuna kitu ninakitaka nikichukue kabla mchwa hawajakimaliza. Nikapanda basi hadi Mpanda, nikamalizia na bodaboda. Unanijua, mimi si mtu wa kulia hovyo. Lakini nilipoinama kuingia mlangoni nikakutana na harufu ya nta, na ndugu yangu, nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu la safari.

Mashine ya jibini ilikuwa bado ipo, imeegemea ukuta ule ule.

Bibi alijifunza kutengeneza jibini wakati wa usichana wake, akipika jikoni kwa masista. Kijiji kizima walikunywa mtindi, sisi peke yetu tulikula jibini, na watoto wenzangu walisema kwetu tunatafuna sabuni. Jirani yetu mfugaji alileta maziwa asubuhi. Bibi aliyagandisha, akayafunga kwenye kitambaa, akayatia kwenye kopo lililotobolewa tobolewa. Juu ya kopo aliweka kifuniko cha ubao, akashusha mti mrefu uliochomekwa ukutani upande mmoja, kisha kwenye ncha ya huo mti akaning'iniza jiwe la kusagia. Maji yalichuruzika kwenye sufuria, mimi nikiyasubiri na kikombe changu. Kazi zote nilimsaidia, isipokuwa jiwe. "Anayening'iniza jiwe ndiye mwenye jibini," alisema. "Nyie wengine walaji tu."

Halafu akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala moja kwa moja. Siku aliyorudi jikoni alijaribu jiwe kwa mkono wa kushoto, likagoma hata kuachana na sakafu. Nikasogea kumsaidia. Alinitazama mara moja tu, nikarudisha mikono yangu mgongoni. Maziwa ya siku ile walipewa kuku, na Bibi hakula chakula cha jioni.

Babu alikuwa mrina asali. Huko porini Ugalla alipandisha mizinga juu ya miti kwa kamba na puli alizochonga mwenyewe kwa mninga. Alileta puli moja akaifunga kwenye ncha ya ule mti wa mashine, akapaka nta ili izunguke vizuri. Kamba akaifunga kwenye kigingi chini sakafuni, akaipandisha, akaipitisha juu ya puli, ikashuka upande wa pili na jiwe dogo, nusu ya lile la zamani. Maji yakatoka vile vile. Nilishangaa, akanionyesha kwa kidole.

"Hesabu kamba zinazovuta mti, mke wangu. Mbili. Jiwe ni moja ila linavuta mara mbili. Lakini puli haikupi bure. Ulichopunguza kwenye uzito unakilipa kwenye kamba."

Kweli, jiwe lilishuka safari ndefu ndipo mti ushuke kidogo. Bibi alining'iniza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na jibini ile tuliila na asali. "Kumbe mzee wa nyuki naye ana faida," alisema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mkono wa kushoto nao ukaanza kuchoka. Kila Babu alipoona jiwe linamtetemesha Bibi, alimsubiri alale mchana, akaongeza puli, moja chini, moja juu, kamba ikapanda na kushuka tena, na jiwe akalibadilisha kwa dogo zaidi. Bibi akiamka anaambiwa kamba ilichakaa, imebadilishwa tu.

Alijua. Siku moja namwosha miguu akaniambia, "Mke mwenzangu, usimwambie kama najua. Tangu anioe hajawahi kunidanganya vizuri hivi."

Jiwe la mwisho lilikuwa kama chungwa. Jioni moja Bibi alilinyanyua, likamponyoka, likabingirika hadi kwenye majivu. Hakuna aliyeliokota. Babu alikuwa amesimama mlangoni. "Kesho naongeza puli, mama," alisema.

"Ongeza. Nitaning'iniza."

Asubuhi hakuamka.

Wakati wa matanga Babu alikaa nyuma ya jiko na kisu, anachonga. Mashangazi walinong'ona, mwacheni mzee apoteze mawazo. Hakuna aliyeuliza anachonga nini. Mimi nilifagia vile vipande vya mninga nikavitia motoni, tukachemshia chai ya waombolezaji.

Mashine haikuguswa tena. Jirani mfugaji alihama na ng'ombe wake, Babu naye akamfuata Bibi kaburini. Wanangu wanakula jibini ya dukani, laini, haina harufu ya mtu yeyote. Nimejaribu kuwasimulia, wanasema sawa mama, wanarudi kwenye simu zao.

Juzi nilipovuta zile kamba zilikatikia mkononi. Puli nikazifungua moja moja, zote zimechimbika pale kamba ilipopita. Ndipo nikaiona nyingine, ndogo kuliko zote, kwenye msumari nyuma ya mashine. Tundu limetobolewa, nta imepakwa. Mfuo wake ulikuwa safi, haujawahi kupitiwa na kamba.

Niliizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kelele. Babu alikuwa amemwahidi kesho. Kesho ilipofika Bibi mwenyewe hayupo, akaichonga hivyo hivyo.