Nilimwambia mwanangu maandishi ya kopo nimeyasoma

Shalom ndugu zangu. Admin, jina langu lifiche, na mji ninaotoka usiuandike, sema tu mikoa ya kati. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, Mtanzania, shule niliishia darasa la nne. Nafanya biashara ya nguo. Hapa ninapoandika niko Guangzhou, kwenye chumba tulichopanga wanawake wawili karibu na jengo la biashara la Tianxiu, mizigo nimeshafunga, Alhamisi narudi nyumbani. Nina mtoto mmoja wa kiume, miaka ishirini na nane, na ninaloandika linamhusu yeye.

Mwanangu amechumbia. Baba wa binti ana gari jeusi, zuri, na alipoona kijana ametulia akamkabidhi awe analiendesha safari za kukodi, Dodoma kwenda na kurudi. Hakusema ni mtihani, lakini sisi wazazi tunajua, ukweni hupewi kitu bure. Sasa barabara ile mvua zikianza wadudu ni wengi, wanapasukia kwenye boneti kama umemwaga uji. Likilala hivyo na jua la asubuhi likalikuta, yale maji yao yanakula rangi, yanaacha madoa ambayo sabuni haitoi. Safari yangu iliyopita ya huku China, mwanangu akanitumia sauti: "Mama, huko uliko kuna dawa ya kupaka gari wadudu wasile rangi. Wengine wanasema waksi, wengine silanti. Niletee iliyo bora." Jamani, huyu mtoto tangu awe mtu mzima alikuwa hajaniomba kitu. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mwenzangu wa chumbani mara tatu.

Nikaenda. Mimi nimezoea mtaa wa Guangyuan Xilu kwenye nguo, huko kwenye vitu vya magari nilikuwa sijawahi kukanyaga. Nguo sisomi lebo. Nashika, nasugua, navuta, najua. Basi na huko nikafanya hivyo hivyo. Laoban, mwenye duka, alikuwa na kipande cha boneti kuukuu cha kujaribia, nikamwonyesha kwa ishara kwamba nataka kujaribu mwenyewe. Kopo la kwanza nikapaka, sikuona tofauti. La pili vile vile. La tatu lilikuwa na chembechembe kama dawa ya meno, nikasugua kidogo tu, mikwaruzo yote ikapotea, nikaona uso wangu. Nikasema hili hili. Laoban akatikisa kichwa, akanisogezea la pili. Nikamwambia bu yao, sitaki, maana nilijua anataka kunisukumia lililomdodea.

Nikalituma na mzigo wa ndege, mwanangu alipolipata akanipigia. Kopo zima Kichina kitupu. Akauliza, "Mama, wameandika lipakwe vipi?" Nyumbani wote wanaamini najua Kichina, na mimi ndiye niliyewaaminisha. Ninachojua ni kuhesabu, kuomba bei ishuke na kukataa. Nikamjibu, "Nimesoma mwanangu. Sugua kwa nguvu mpaka ing'ae, kila ukirudi safari." Akasugua. Ni mtoto msikivu. Miezi miwili kila akirudi anasugua.

Boneti ikaanza kufifia, ikapauka kama jivu, na wadudu wakawa wanaacha madoa zaidi kuliko mwanzo. Baba wa binti akachukua ufunguo wake. Hakugomba. Alisema tu kwamba aliyeshindwa kutunza rangi ya gari, binti wa mtu atamtunza vipi, na kikao cha mahari kikaahirishwa bila kutajwa siku nyingine. Mwanangu alinieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akasema, "Kosa ni langu, mama. Mkono wangu mzito."

Safari hii nikamwonyesha picha ya lile kopo bwana mmoja wa Mombasa anayenunua spea hapa Tianxiu, yeye Kichina anakisoma kweli. Alicheka kwanza. "Mamangu, hii hailindi, hii yakwangua. Mwanao ameimenya gari kama kiazi." Alipoona sicheki akavuta kiti, akanielekeza kwa upole. Waksi inapendeza macho lakini kwa jua la kwetu na kuoshaosha inaisha baada ya wiki chache. Silanti haina mng'ao mwingi ila inakaa miezi. Na hata ukipaka, wadudu uwaoshe siku ile ile kwa kitambaa laini chenye maji. Lakini zote mbili zinalinda rangi iliyopo tu, iliyokwanguliwa hairudi, boneti mpaka ipigwe rangi upya.

Nikamshukuru. Sikulia. Nilikwenda kusimamia marobota yangu yakipimwa, mtu akiniuliza namjibu. Nakula sijui nimekula nini. Silanti nimenunua, yule bwana mwenyewe alinisindikiza, iko kwenye begi. Nikiiangalia sisikii chochote.

Mwenzangu wa chumbani anasema ninyamaze, nimpe silanti, nilipie rangi ya boneti, yaishe. Anasema ukweni wakijua kopo lenyewe sikuweza kulisoma watanidharau mimi na mwanangu pamoja. Huenda ni kweli. Lakini juzi mwanangu alipewa gari la mtu mwingine aendeshe, akalikataa, anasema ataliharibu na hilo. Na leo asubuhi katuma sauti: "Mama, ukiliona tena lile kopo, niletee. Nitamwomba mzee anipe siku moja nimsugulie, safari hii nitasugua taratibu."

Nimeisikiliza mara nne. Nikamjibu, "Sawa, baba."

Ndugu zangu, wenye watoto na msio nao, nishaurini mimi nifanye nini. Nimwambie yeye peke yake, au niende kwa baba wa binti, niseme mbele yake kwamba mkono wa mwanangu hauna kosa? Na nikisema naanzaje? Tangu mdogo, kila nilichomwambia mtoto huyu amekiamini.