Madumu Mawili ya Maji kwenda Muyinga

Sikupanga kusafiri. Mimi ni fundi bomba wa Musinzira, hapa Gitega, na kazi za mabafu ya watu zinanitosha. Lakini Alhamisi jioni binti yangu Zuhura, aliyeolewa Muyinga, alipiga simu kutoka kituo cha afya. Mimba ya kwanza, uchungu umeanza kumchungulia.

"Baba, we kuja. Na ulete maji."

Nikadhani anamtania baba yake kwa kazi yake. Hakuwa anatania. "Hapa kila mama analeta bidon yake ya maji. Mkunga hana ya kunawa."

Nilipokata simu, mke wangu alikuwa ameshafungua bomba na kuweka dumu chini yake. Jirani wa Zuhura alijifungua kituo hichohicho, akapata homa ya uzazi, na sote tulikwenda kumzika. Hakuna aliyemtaja, ila mke wangu alijaza dumu la pili mpaka shingoni.

Saa kumi na mbili asubuhi, Gitega. Nilipanda taksi na madumu yangu ya manjano na mfuko wa spana. Dereva aliyatazama akacheka mpaka akashika mlango. "Baba, kule Muyinga mvua iko kila siku! We unapeleka maji kwa mvua?"

Karuzi. Rejeta ya gari ikachemka. Dereva, ambaye sasa hacheki, aliniomba dumu moja kwa sauti ya mtu anayeposa. Nilimpa, ningefanyaje? Tangu hapo aliniita mzee wangu. Tulipoondoka mvua ilishuka kubwa, na mimi nikasafiri nimekumbatia dumu lililobaki huku barabara yote imegeuka mto.

Saa tano, Muyinga. Kituo kilikuwa kimepambwa: turubai, viti, maua mapya mlangoni. Ndani, ukumbini, kwenye ukuta wa nje wa chumba cha kujifungulia, palikuwa na sinki jeupe lenye bomba linalong'aa. Mbele yake umefungwa utepe mwekundu, na pembeni ameketi mlinzi.

"Unalinda nini?" nilimuuliza.

"Robinet," alijibu, akionyesha lile bomba.

Mkunga, mama mnene aitwaye Esperansi, alinipokea dumu kama zawadi ya harusi. "Maji iko, baba. Tangi imejaa mpaka inamwagika. Lakini iko ya inauguration, ya ufunguzi. Mgeni akuje kwanza. Wiki ya tatu hii tunamungoja."

"Na wewe unanawa wapi?"

"Kwa msikiti, hapo ng'ambo. Wazee wamenizoea. Nikifika wananiuliza, leo ni watoto wangapi?" Kisha akaacha kucheka. "Lakini leo ni Ijumaa. Pale kwa udhu kuna watu mpaka barabarani. Na dumu hii, wamama wako watatu. Itafika wapi?"

Zuhura alikuwa kitandani, jasho limemlowesha kitenge. Alinishika mkono. "Baba, mi naogopa." Nilimfuta jasho, maana na mimi niliogopa.

Nikamfuata mkuu wa kituo, kijana aliyevaa suti inayombana. "Saa nane tu, baba," alinisihi. "Mgeni anakata utepe, maji inaanza. Mwambie binti avumilie kidogo."

"Mtoto hasomi programu yako!"

"Bon, utepe ikikatika kabla ya mgeni kufika, kazi yangu imeisha. Mi pia niko na watoto."

Nilitaka kumtukana. Nikakumbuka kabati letu la Musinzira, na vikombe vya ukingo wa dhahabu tulivyopewa harusini. Ni vya wageni. Miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyeonekana anavistahili, na Zuhura alichapwa mara mbili kwa kuvigusa. Hasira ikanipungua, ila uchungu wa Zuhura haukupungua.

"Utepe wako sitaugusa," nilimwambia. "Ila maji yatapita upande wa pili wa ukuta."

Alifikiri, akaitazama saa, akaenda kuyakagua maua. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Mlinzi aliinua utepe kwa vidole viwili nikatambaa chini yake kwa tumbo. Nilifunga koki ya tangi, nikatoboa ukuta, nikapitisha mpira wa maji uliokuwa unalisha sinki, nikafunga kule ndani bomba kuukuu la mfukoni mwangu, nililong'oa kwa mteja mmoja, kisha nikafungua koki tena. Kiungo cha kugawa maji sikuwa nacho. Ama maji yaende kwa mgeni, ama kwa Esperansi. Sikuhitaji kufikiri.

Saa nane na nusu mgeni akafika. Hotuba mbili, ngoma, utepe ukakatwa. Mkuu akampungia aende akakae, lakini mgeni alitaka kunawa apigwe picha. Akafungua bomba. Likakohoa, likatema buibui, likanyamaza. Mgeni akaendelea kusugua mikono mikavu huku akitabasamu, kamera ikalia, akakung'uta vidole, akapewa taulo akajifuta vizuri sana. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Makofi yalipotulia tukasikia maji yakitiririka nyuma ya ukuta, mengi, bila haraka, na Esperansi akisema, "Sukuma, Zuhura, sukuma!" Kisha mtoto akalia.

Nililia mbele ya mgeni, mbele ya kamera. Mgeni akanipa taulo lake, kavu.

Nilikaa siku nne zaidi. Zuhura hakupata homa. Kila asubuhi Esperansi alinawa mpaka viwiko, na mkuu akawa anawapitisha wageni kuona lile bomba kuukuu kana kwamba lilikuwa wazo lake. Kiungo nilikinunua sokoni Muyinga, na lile la kung'aa nalo likapata maji.

Jumatano, nyumbani. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilifungua kabati, nikatoa kikombe cha ukingo wa dhahabu, nikakiosha, nikajimiminia chai. Akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani amekuja?"

"Hakuna aliyekuja."

Alinitazama nikinywa. Nilingoja ugomvi. Akavuta kiti, akaketi, akasogeza mkono juu ya meza.

"Nipe na mimi kimoja," akasema.