Mama Tumpale na Kijana wa Sinia

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimezaliwa Itaka, kwenye nyumba ya wakulima wa kahawa, na mama yangu husema siku nikifa nitaamka kwanza nimuulize mchimba kaburi kwa nini kalielekeza upande ule. Kuuliza si ujinga, namjibu. Kwa hiyo nilipoajiriwa mapokezi katika Hoteli ya Mibuni, sikushangaa sana mahali pale pa kuotea moto palipojengwa kwa mawe, wala ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga. Mimi nilishangaa kitambaa.

Kilikuwa kipande cha kitenge cha buluu, kimepindwa vizuri, kinafunika picha moja kwenye korido. Picha nyingine zote, kumi na kitu, zilikuwa wazi: Wazungu na bunduki zao, Wazungu na magunia ya kahawa, Wazungu wanakunywa. Siku yangu ya pili kazini nilikifunua. Ndani walikuwa wanaume wanane weusi wenye kanzu nyeupe na mikanda mipana kiunoni, wamesimama mbele ya jiko, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hao ni wapishi, mwaka 1958. Basi. Nikakirudisha nikiwa na maswali mengi kuliko mwanzo.

Nilimuuliza mpishi, akasema ni kwa ajili ya vumbi. Nilimuuliza mlinzi, akasema ni mapepo, lakini yule kila asichokijua ni mapepo. Mwishowe nikamwendea aliyekishona, Mama Tumpale, akanijibu kwa adabu kwamba picha ile ina wenyewe, akaendelea kupiga deki.

Jina lake hasa ni Tukuswiga, Mndali wa kule Ileje, na tunamwita kwa jina la binti yake ambaye ni nesi Ndalambo. Amefanya usafi hapa tangu mwaka 1990. Hoteli yenyewe ilijengwa na walowezi wa kahawa mwaka 1936 iwe klabu yao, juu ya kilima ambako baridi ya mwezi wa sita inauma mpaka kwenye meno. Baada ya Uhuru ikachukuliwa na chama cha ushirika, ikachoka, ikafungwa miaka minne. Katika miaka hiyo minne Mama Tumpale ndiye alikuwa na funguo. Kila Jumamosi alipanda kilima akafungua madirisha yote ili sakafu isioze, kisha akayafunga akarudi shambani kwake. Hakuna aliyemtuma. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa yeye.

Mtu wa namna hiyo hafuniki picha bure. Nikajipa kazi ya kumsaidia kuwasha moto jioni, yeye akipanga magunzi na matawi makavu ya mibuni, mimi nikimpa kiberiti na maneno. Jioni ya tatu akalegea.

Aliolewa mwaka 1984. Kwa ukoo wa mumewe, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hali naye, wala halitaji jina lake. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwenye mahindi mpaka mzee apite. Waliishi boma moja miaka mitano na hakuwahi kuuona uso wake. Alimjua kwa kikohozi na kwa viatu. Baba mkwe akiridhika na mkwewe, humfungulia: anampa kitambaa na kuku, watu wanakula, na tangu siku hiyo wanasalimiana kama watu. Wengine hufunguliwa mwaka wa pili, wengine wa kumi. Wa kwake alifariki 1989 kabla hajafanya hivyo.

"Aliniacha nimefungwa," alisema, huku anapuliza moto.

Mwaka uliofuata akapata kazi hapa, mahali ambapo mzee yule alifanya kazi ujanani. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi kukanyaga hotelini, ila alijua baba yake yumo kwenye picha mojawapo. Akamwambia mkewe atakuwa pale kwenye wapishi. Basi asubuhi yake ya kwanza kazini Mama Tumpale aliingia koridoni kinyumenyume, akihesabu fremu kama alivyoelekezwa, akiwa na kile kitambaa, akakining'iniza kwa kupapasa. Tangu hapo akawa anapangusa fremu ile huku uso umeelekea ukuta wa pili.

Nikamwambia, kwa ubishi wangu, kwamba heshima si utumwa.

"Nani kasema ni utumwa?" akaniuliza. "Pindo nimelishona mwenyewe."

Niliudhika kidogo, nikampa gunzi jingine.

Ukali huo ulikuwa wa koridoni tu. Kwenye chumba cha chakula alikuwa mtu mwingine kabisa. Pale juu ya kabati la vyombo kuna picha ya Mzungu na mkewe wamekaa kwenye viti, mbwa mkubwa miguuni, na nyuma yao kijana mmoja mweusi kashika sinia, amebana midomo kama mtu anayezuia kicheko. Huyo alikuwa rafiki yake. Kila asubuhi alimpangusa uso kwa pembe ya khanga na kumsalimia kwa Kindali, akamuuliza kama sinia halijamchosha. Kisha anamsimulia: mvua, bei ya mbolea, goti lake. Alimlilia pale mumewe alipokufa. Nilikuwa nawasikia kutoka mapokezi, na nilizoea hata nikaacha kuuliza, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Sasa mwenye hoteli ni Mzee Abdulwahab, mfanyabiashara wa malori wa Tunduma. Mwezi wa tano alikuja kula chakula cha mchana, akainuka na miwani yake kusoma maandishi chini ya ile picha ya sinia. Akasoma jina la bwana, jina la bibi, na jina la mbwa, Rover. Akarudia kusoma. Chakula kikapoa.

"Mbwa ana jina," alisema, "binadamu hana?"

Hapohapo akaagiza kila mtu mweusi kwenye picha zile atafutiwe jina lake, lichongwe kwenye kibao cha shaba, lipigiliwe chini yake. Fundi alikuwa Tunduma na alitaka majina yote ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Asiyepatikana jina, nafasi yake ingebaki tupu.

Na Mama Tumpale alikuwa anastaafu mwezi huohuo. Mzee Abdulwahab alipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, nadhani alitegemea godoro. Yeye akaomba jina la baba mkwe wake liwekwe ukutani. Hakuna kingine alichotaka. Ila kulitaja hawezi, kwa hiyo nikatumwa mimi kumpigia Tumpale, ambaye kwa kuwa ni mjukuu analitaja apendavyo: Lusubilo Kibona. Kwa Kindali ni kama kusema tumaini, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kanisani, kwaya yake ikifika kwenye neno hilo, Mama Tumpale anafunga mdomo na kungoja wenzake wavuke.

Lakini Lusubilo ni yupi kati ya wale wanane? Nikaulizia mpaka nikampata Mzee Gibson wa kwetu Itaka, mwenye miaka themanini na mbili, aliyekuwa muosha vyombo wa hoteli hii akiwa kijana. Alikuja na bodaboda, amevaa makoti mawili. Nikaondoa kitambaa. Mama Tumpale alikuwa amejificha stoo ya mashuka, mlango ukiwa wazi kiasi cha sikio.

Mzee Gibson alianza kushoto kwa ncha ya fimbo, taratibu, nami naandika. Alipofika wa tano akasema huyo ni yeye mwenyewe, enzi hizo ana shingo. Akamaliza wa nane. Lusubilo hakuwemo.

Nikamuuliza mara mbili. Akasema Lusubilo hakuwa mpishi hata siku moja, jikoni hakuingia ila kuchukua chakula; alikuwa mtu wa mezani. Nikasikia mlango wa stoo unafunguka na miguu ya Mama Tumpale inaelekea chumba cha chakula, haraka. Nilimwonea huruma. Miaka thelathini na minne amemheshimu muosha vyombo.

Nikampeleka mzee akanywe chai. Mama Tumpale alikuwa amesimama palepale kwenye kabati, mkono mmoja kwenye fremu, anamweleza rafiki yake msiba huu mpya. Mzee Gibson akasimama mlangoni, akainua fimbo.

"Si huyu hapa," akasema. "Lusubilo na sinia lake."

Sijawahi kuona mtu anapiga magoti haraka vile kwenye umri ule. Khanga ilishafika usoni kabla magoti hayajafika sakafuni. Alitoka chumbani kwa magoti, kinyumenyume, mpaka jikoni.

Siku mbili hakuingia chumba cha chakula. Meza nilizipanga mimi, vibaya. Jumatano akaja mapokezi, akaniambia nimwambie Mzee Abdulwahab aache, jina lile lisichongwe. Angeweka vipi kibao cha heshima yeye aliyemtazama mkwewe machoni kila asubuhi, akamfuta uso, akamwita kijana? Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba kuna mengine amewahi kumwambia ambayo mimi siyajui. Nilitaka sana kuyajua, nakiri, lakini safari hii niliona haya kuuliza.

Nikafanya nilichoweza. Lusubilo ana mdogo wake aliye hai huko Ileje, Mzee Ezron, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alhamisi asubuhi nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Na yeye kwa Mama Tumpale ni mkwe vilevile, hivyo hawasemezani. Mmoja yuko Ileje, mwingine nyuma ya mlango wa jikoni, na mimi katikati nimeshika simu kama mshenga, narudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia.

Nilieleza yote. Mzee Ezron akacheka muda mrefu mpaka akakohoa, na Mama Tumpale aliposikia kikohozi kile akashika fremu ya mlango. Kisha mzee akataka kujua mkwe wao alikuwa akimwambia nini kaka yake. Nikamgeukia Mama Tumpale. Akasema: shida zote, watoto, kifo cha mume. Halafu akamaliza kwamba mara nyingi alimlalamikia yule kijana juu ya baba mkwe wake, kwamba ni mtu gani huyu anayekufa na kumwacha mwenzake amefungwa.

Kule Ileje nikasikia kiti kinavutwa.

"Mwambie mke wa mwanetu hivi," mzee akasema. "Kaka yangu alikuwa mtu wa kusikiliza. Kama amemsikiliza miaka yote hiyo na hakumwangushia sinia, basi alishamfungulia. Mimi nitaleta kitambaa tu."

Sikurudia. Mama Tumpale alikuwa ameketi chini kwenye sakafu aliyoing'arisha mwenyewe, analia kwa sauti, na mimi nikalia naye ingawa si ukoo wangu. Mchana nikatuma majina Tunduma, yote.

Jumamosi Mzee Ezron alishuka na kuku kwenye kikapu na kitenge kipya mkononi. Walikutana ukumbini. Akamtupia kitenge mabegani, akamsalimia kwa jina lake, Tukuswiga. Yeye akainua uso polepole akamtazama, na nikaona ameshtuka, kwa sababu mzee yule alikuwa amebana midomo yake kama mtu anayezuia kicheko. Alimtazama kwa muda mrefu, hakuna aliyemharakisha.

Tulipoingia chumba cha chakula pamoja na Mzee Abdulwahab, fundi alikuwa ameshafika na vibao vyake, kapanda kiti. Akauliza huyu wa sinia anaitwa nani, asije akapigilia kibao cha mwingine. Mzee Abdulwahab akanitazama mimi, Mzee Ezron akanitazama mimi, nami nikafungua mdomo.

"Lusubilo," akasema Mama Tumpale.

Alilitamka kwa tahadhari, kama anayeonja chai ya moto. Fundi hakusikia vizuri, alikuwa anagonga msumari wa kwanza, akaomba arudiwe. Mama Tumpale akasogea mpaka chini ya picha, akarekebisha kitenge chake, akasema kwa sauti iliyofika jikoni:

"Lusubilo Kibona. Baba mkwe wangu."