Mifuko Thelathini Juu ya Bawa

Dada yangu ni fundi wa milango. Ukipita mtaa wetu ukaona mlango unaofunga bila kusukumwa na bega, jua umetoka mkononi mwake. Karakana aliirithi kwa baba, na mimi nikarithiwa pamoja nayo, kama benchi. Nimefanya kazi chini yake miaka ishirini na tisa. Yeye anaongea na wateja, mimi napiga msasa. Mpango huo unatufaa wote wawili, maana ulimi wangu huwa mzito mbele za watu, na wa kwake haujawahi kuchoka.

Naandika habari zake kwa sababu watu wanazisimulia vibaya. Wanasema aliingiwa na wazimu. Mimi nilikuwepo.

Ilianza na sanduku la vyombo. Mwalimu mmoja wa ufundi alifariki, na mjane wake akatuletea randa zake za zamani. Chini ya randa, pale ambapo watu hutandika gazeti ili kutu isishike, palikuwa na karatasi kubwa za bluu zilizokunjwa mara nane. Dada alizikunjua juu ya benchi na kuzibana pembe kwa nyundo nne. Ilikuwa michoro ya ndege. Ndege ndogo ya mbao, ya mtu mmoja, iliyochorwa kabla sisi wawili hatujazaliwa. Kila kipande kilikuwa na vipimo vyake, kila kiungo kilionyeshwa kwa pande tatu, hadi idadi ya misumari midogo ya kushikilia plaiwudi wakati gundi inakauka.

Alisimama pale mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Hebu njoo uone. Hapa hakuna kitu tusichojua kukifanya."

Nikaangalia. "Dada, hiyo ni ndege."

"Nimeona. Nakuuliza, kiungo gani hapo kinakushinda?"

Sikupata hata kimoja. Mama yetu alipoelezwa aliuliza swali moja tu: "Kwani milango imekukosea nini?"

Basi asubuhi tulitengeneza milango, na kuanzia saa kumi jioni tulitengeneza ndege. Mwaka wa kwanza ulikwisha kwa mkia na kiwiliwili. Injini tuliitoa kwenye gari dogo la kizamani lililokuwa limegeuka kiota cha kuku. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyempa Dada jina la Mama Ndege. Kila asubuhi alivua miwani yake nyeusi na kupaza sauti juu ya ukuta.

"Mama Ndege! Leo tunaruka, au tunasubiri mawingu yapungue?"

"Leo nafanya usukani. Wewe endelea na mageti yako, hayaruki wala hayafungi."

Watu walicheka, naye alicheka pia. Lakini jina lilibaki, na lilipofika sokoni halikuwa tena na mzaha ndani yake. Wateja wengine walianza kuuliza kama mlango waliouagiza utakuwa na mabawa.

Sheria inasema ndege ya kujitengenezea haiguswi na hewa mpaka mkaguzi wa serikali aikubali. Wa kwetu alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Siku ya kwanza aliizunguka ile kazi yetu mikono ikiwa mfukoni.

"Mama, umesomea wapi mambo haya?"

"Niliishia shule ya msingi. Na wewe?"

"Mimi ni mhandisi."

"Basi vizuri. Utaweza kusoma michoro."

Hakulipenda jibu hilo. Alisema atarudi kulipima bawa, na akaeleza namna yake. Bawa linageuzwa chali, linafungwa shina lake, yaani ule upande unaoshikana na kiwiliwili, kwenye nguzo ya chuma, halafu linapangiwa mifuko ya mchanga. Uzito wa mchanga unalisukuma chini kama vile hewa ingelisukuma juu. Michoro yetu ilitaka mifuko thelathini ya kilo ishirini na tano. Likistahimili, ataandika kibali. Likivunjika, faili linafungwa. Alisema atakuja akipata nafasi. Nafasi ilimchukua miezi saba.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mafundi wa samani hatupendi kulieleza. Ubao ukiwa na ufa, tunachukua unga wa msumeno wa mti uleule, tunauchanganya na gundi, tunaushindilia ndani ya ufa kwa kidole gumba. Ukikauka unapiga msasa, unapaka vanishi, na hata aliyeukata mti huo msituni hawezi kujua. Karakanani kwetu tunaiita dawa. Na kwa kuwa wateja hawajawahi kuniona usoni, hawajui kwamba bingwa wa dawa mtaa mzima ni mimi.

Siku moja katika miezi hiyo saba, Dada alikuwa amekwenda kwa muuza mbao. Mimi nilikuwa nalainisha mhimili wa bawa la kushoto, ule ubao mrefu unaobeba bawa zima. Karibu na jicho la mti nikaona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Mkono wangu haukuniuliza. Mtu akiona mtoto anatokwa kamasi si humfuta tu? Aliporudi, dawa ilikuwa imekauka na msasa umeshapita. Akapitisha kiganja juu ya ule ubao na kusema, "Safi kabisa."

Nilipokuja kukumbuka kwamba mlango haupandi angani, mhimili ulikuwa umeshafunikwa kwa plaiwudi na gundi imekamata. Nilitaka kusema. Nilimkuta anaimba huku akipaka vanishi. Nikameza. Kesho yake nikameza tena, na nikagundua kwamba neno likimezwa siku saba linakuwa kubwa kuliko koo.

Mkaguzi alikuja Jumamosi. Watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Fundi wa mageti mwenyewe alikuwa ametuchomelea ile nguzo, akisema hata wazimu unastahili chuma kizuri. Tukalifunga bawa la kushoto chali, tukapanga mifuko, mmoja mmoja, mingi zaidi upande wa shina. Mimi nilibeba na kuhesabu. Mfuko wa tisa. Wa kumi. Kila nilipoweka mmoja nilitamani uwe wa mwisho.

Wa kumi na nne ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja vidole. Kisha bawa likajikunja, mifuko ikamwagika, vumbi likapanda.

"Mama Ndege ametua!" akapiga kelele fundi wa mageti, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa tayari ameshatoa kalamu. "Michoro imepitwa na wakati," alisema huku akiandika. "Naweka hapa kwamba haifai kujengewa ndege. Nafunga faili."

Nikamtazama Dada. Alikuwa ameinama juu ya karatasi za bluu, kidole chake kinafuata mstari wa mhimili toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta mahali alipodanganywa. Nikaona kabisa kwamba anaanza kumwamini yule mtu. Angezikunja zile karatasi mara nane na kuzirudisha chini ya randa, na asingezitoa tena.

"Michoro haina kosa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kama bawaba isiyo na mafuta. Nusu ya watu pale walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Nani anasema?" akauliza mkaguzi.

"Mimi. Mhimili ulikuwa na ufa. Niliutia dawa."

"Dawa gani?"

Nikaeleza. Kicheko kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Dada akachukua patasi, akabandua plaiwudi pale bawa lilipovunjika. Ubao ulikuwa umekatika papo hapo, na ile dawa ilionekana wazi, utepe mweupe nilioushindilia kwa kidole changu gumba. Kisha akainuka, akawageukia wao, si mimi.

"Mmemsikia. Kosa ni la karakana hii, na karakana hii ni yangu. Bwana mkaguzi, futa ulichoandika. Andika: fundi amekosea, mchoro haujakosea."

"Mama, mtu mwingine angeona aibu akaacha."

"Aibu ninayo. Kuacha ndiko sina. Bawa limevunjikia chini, mbele ya macho yenu, na hakuna aliyeumia. Si ndiyo kazi ya mifuko? Au mlikuja kuangalia mchanga?"

Akafuta. Nadhani alifuta ili apate njia ya kuondoka.

Watu walipotawanyika, Dada alinikabidhi msumeno. "Ukate vipande." Nikakata. Akasubiri mpaka nimalize.

"Ungeniambia tu."

"Niliogopa, Dada."

"Uliniogopa mimi kuliko ulivyoogopa kufa kwangu?"

Nikaviokota vile vipande, nikavirundika kando ya ukuta.

Tangu siku hiyo dawa ilipigwa marufuku karakanani, hata kwa miguu ya stuli. Mteja mmoja alilalamika kwamba mlango wake una ufa wa kucha. "Ndiyo," Dada akamwambia, "na wewe unaujua. Mlango wa jirani yako una nyufa tatu na yeye hajui hata moja." Yule bwana alikasirika, akaondoka, akarudi siku ya tatu kuuchukua.

Mihimili mipya alitengeneza minne, akaikataa mitatu. Na kazi ya kuikagua alinipa mimi. "Wewe ndiye unayejua fundi anaficha wapi," alisema, akanipa penseli nyekundu. Nilipitisha macho, kucha, hata ulimi. Kila doa nililizungushia duara. Nilipomaliza mmoja wa ile iliyokataliwa, ulionekana kama umeugua surua. Yeye aliuweka kando na kuanza mwingine.

Mkaguzi alirudi baada ya miezi kumi na barua tano za Dada. Ua ukajaa tena. Mifuko ikapanda: kumi na nne, watu wakanyamaza, kumi na tano, mtu akakohoa, ishirini na mbili, ishirini na tisa. Bawa liliinama taratibu kama tawi lenye matunda, likatulia. Wa thelathini niliuweka mimi.

Mkaguzi akapima mpindo kwa rula yake, akapima tena. Akajikuna shingo.

"Limestahimili. Lakini kwa umri wa michoro hii, ningependa kuona zaidi kidogo."

"Zaidi kiasi gani?" Dada akauliza.

"Tuseme mifuko sita."

Mchanga ulikuwa umekwisha na mifuko pia. Mkaguzi aliliona hilo. Akafunika faili. "Basi tutapanga siku nyingine. Nikipata nafasi."

Dada akavua viatu.

"Mifuko sita ni kilo mia na hamsini," alisema. "Mimi nina themanini na tatu. Mdogo wangu, wewe una ngapi?"

"Sitini na saba."

"Mia na hamsini kamili!" fundi wa mageti akaropoka kutoka ukutani. "Hawa wamekula kwa vipimo!"

Dada akapanda juu ya benchi, na kutoka pale akakaa juu ya mifuko, upande wa shina, kama mtu anayekaa kwenye kochi lake. Bawa likashuka kidogo. Akaninyooshea mkono.

"Njoo. Ulikagua mwenyewe."

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikavua viatu nami, nikapanda, nikakaa kando yake. Chini yangu nilisikia ubao ukipokea uzito wangu, ukajinyoosha, ukanyamaza. Nilisubiri ile sauti ya vidole. Haikuja. Nikahesabu hadi sitini, polepole, na haikuja.

"Sawa, sawa, nimeona," mkaguzi akasema. Shati lake lilikuwa limelowa kwapani. "Shukeni sasa. Mtaumia."

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Basi andika."

"Nitaandika nikifika ofisini. Shukeni."

Dada akajiegemeza nyuma, akakunja mikono. Mimi nikakunja ya kwangu.

"Andika kwanza," nikasema mimi, "ndipo tushuke."

Mkaguzi akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Fundi wa mageti akaruka chini kutoka ukutani na kumpelekea chaki yake ya kuchorea vyuma.

"Huna kalamu, bwana? Anza na hii. Mwandiko si lazima uwe mzuri."